Mawe ya Kutazama

Mwaka mpya wa Januari sijawahi kuuheshimu. Nyumbani kwetu Shinyanga mjini, kwa bibi yangu Mmanyema aliyekuja na gari moshi akasahau kurudi, mwaka ulifuata mwezi mwandamo, na Januari ilikuwa mali ya watu wenye kalenda ukutani. Machimboni Mwakitolyo nako, mwaka ule wa themanini na saba, sikuona mwaka wowote ukiingia. Niliona mvua ikiingia, kupitia paa la nyasi, moja kwa moja mpaka kwenye debe la unga.

Hata hivyo siku ile ya mwaka mpya niliamka mapema, maana nilikuwa na neno la kumwambia Coletha, na Coletha alikuwa anaondoka.

Mimi na Coletha tulikuwa watwangaji. Wanaume walishuka kwenye duara, ndivyo tulivyoliita shimo la dhahabu, wakapandisha mawe kwa viroba. Sisi tuliyatwanga kwenye kinu cha chuma mpaka yawe unga, kisha Anatoli, mzee wa karai, akauosha ule unga kutazama kama kuna cha manjano kilichobaki chini. Wanawake hatukuruhusiwa kushuka duarani. Ati dhahabu hutuonea haya, ikatukimbia. Mimi nilisema kama dhahabu ina haya, basi ingeanza kumkimbia Maige, mwenye duara, ambaye alikuwa akioga kwa kufuata sikukuu.

Kinu kimoja kina watu wawili, kila mmoja na mchi wake, na michi yenyewe ni vipande vya ekseli ya lori la Bedford. Mmoja akishusha, mwenzake anapandisha. Ukikosea mpigo unamvunja mwenzako vidole. Kwa hiyo mwenzako wa kinu unamjua kuliko mume, unajua pumzi yake, unajua siku anayoumwa mgongo kabla hajasema. Miaka miwili mimi na Coletha tulitwanga hivyo, na vidole vyetu ishirini vilikuwa bado ishirini.

Coletha alikuwa mjane kutoka Ushirombo, Mkatoliki wa rozari shingoni, mtu wa maneno machache. Mimi mdomo wangu hauna kufuli. Nafikiri ndiyo maana tulipatana, yeye alinyamaza kwa niaba yetu sote wawili na mimi nikasema kwa niaba yetu sote wawili. Mpaka siku aliponiambia siri.

Aliniambia, mimi peke yangu, kwamba Selestine, mchimbaji wa duara letu, amemposa, na yeye amekubali. Alisema huku anatazama chini kama msichana. Jioni ile ile, wanaume wamekaa wanakula ugali, sijui shetani gani alinipanda, nikasema kwa sauti: "Coletha hampendi Selestine bwana, anapenda godoro lake." Maana Selestine ndiye mtu pekee pale machimboni aliyekuwa na godoro la sponji. Sisi wengine tulilalia magunia. Wanaume walicheka mpaka mmoja akapaliwa na ugali, na mimi nikafurahi, maana napenda kuchekesha, huo ndio ugonjwa wangu.

Kesho yake Selestine hakuitwa Selestine tena. Akishuka duarani, Godoro. Akipanda, Godoro. Akiomba maji, "mpeni Godoro maji." Siku ya nne alikunja godoro lake, akapanda lori la kwenda machimbo ya Geita bila kumuaga mtu, hata Coletha.

Tangu hapo Coletha hakunisemesha. Tulitwanga pamoja kutoka asubuhi hadi jioni na hakunipa hata "pisha." Kisha akapata barua ya kaka yake, Ansgar, kwamba arudi Ushirombo wakalime, na Land Rover ya Bwana Akida, mfanyabiashara wa Kahama aliyetuletea unga na chumvi mara moja kwa wiki, ingempitia tarehe mosi saa tisa alasiri. Ushirombo sina ndugu, sina shughuli. Nilijua akipanda gari lile, ndiyo basi.

Kwa hiyo nilipanga nimwombe radhi asubuhi ile, kabla ya mchi wa kwanza. Nilifanya mazoezi kitandani, yaani guniani. Samahani si neno refu, lakini kwangu mimi huwa kama mwiba wa samaki, linapita likikwaruza.

Nilimkuta kinuni ameshafika, amefunga kitambaa kichwani, amekaa juu ya jiwe lake. Nikavuta pumzi. Nikafungua mdomo.

"Funga!" alisema Maige.

Alikuwa amesimama nyuma yangu na koti la mvua, macho mekundu kwa pombe ya kuukaribisha mwaka, na nyuma yake wachimbaji wote kumi na nne wamejipanga kama watu wa msibani. Mkononi alikuwa na kiroba cha mawe.

"Kuanzia sasa hivi, mayu, usiseme neno," Maige akaniambia, maana kwao Usukumani mama ni mayu. "Wala wewe, Coletha. Nimetoka kwa mfumu, yule mganga wa Kharumwa. Mfumu amesema mwamba wetu haukuisha, umejificha. Umechoshwa na makelele."

Hapo wachimbaji wote wakanitazama mimi.

"Kiroba cha kwanza cha mwaka," Maige akaendelea, "kitatwangwa na wanawake wawili wa kinu kimoja, midomo imefungwa, mpaka dhahabu ionekane kwenye karai la Anatoli. Wakinyamaza, mwamba unarudi. Mmoja akifungua mdomo, tumekwisha, na huyo aliyefungua ajue hapa hana kinu tena. Mmenielewa? Msijibu!"

Niseme haki, wale wanaume walikuwa na hali mbaya. Tangu mwezi wa kumi mwamba ulikuwa umewapotea, wanachimba udongo mtupu, wanapandisha magwangala, yaani mawe yasiyo na kitu. Walikuwa wamekonda mpaka mikanda imepata matundu mapya. Mimi waganga siwaamini, lakini tumbo la mtu mwingine huwezi kulibishia. Na mimi mwenyewe kinu kile nilikihitaji, Shaaban wangu alikuwa shuleni Shinyanga kwa mama yangu, na kiatu chake kilikuwa kimoja na nusu.

Kwa hiyo nilifunga mdomo. Neno langu likabaki mlango wa koo, nami nikaanza kuhesabu saa. Kiroba kile kwa kawaida kinaisha saa nane. Gari saa tisa. Ikionekana dhahabu saa nane, nitakuwa na saa nzima ya kusema. Isipoonekana, Coletha ataondoka na mimi nimekaa hapa kama bubu.

Tukaanza kutwanga. Maige aliketi kwenye kiti chake cha kukunja chini ya turubai kutulinda, na kabla jua halijapanda vizuri akaanza kukoroma. Wanaume walikaa mbali, kwenye kibanda cha chakula, wakinong'ona ili mwamba usishtuke.

Nilijaribu kuomba radhi kwa ishara. Niliweka mkono kifuani, nikainamisha kichwa, nikafanya uso wa majuto. Coletha alinitazama kidogo, akanisogezea kata ya maji, nadhani alifikiri nina kiungulia. Nikajaribu kupiga goti moja. Akanionyesha kwa kidole upande wa choo. Mwili wangu hauna ujuzi wa kuomba radhi, haujawahi kufundishwa.

Basi nikaacha. Na mtu aliyenyimwa mdomo hubaki na macho.

Kiroba kilikuwa kimelala nje na mvua ya usiku ilikuwa imeyaosha mawe yake yote. Nilipoingiza mkono kuchukua jiwe, nikaona nimeshika kitu chenye mistari. Mweusi, mwekundu, mweusi, mwekundu, mistari myembamba imenyooka mpaka ukingoni kama pindo la kikoi. Nikaligeuza. Upande wa pili mistari ilikuwa imekunjwa, yote pamoja, kama mtu aliyekunja kitambaa kingali kibichi kikakaukia pale pale. Nikapitisha kidole. Mstari mweusi ulikuwa laini, mwekundu una mkwaruzo kidogo. Miaka miwili nilikuwa nayatwanga mawe yale na sikuwahi kuyatazama. Nilitazama ndani yake tu, kama mwanamke anayepekua mifuko ya suruali ya mumewe.

Nikamnyooshea Coletha, aone. Alilichukua, akaliweka kinuni, akalipiga mchi mmoja, likawa vipande. Nilistahili.

Lililofuata sikumpa. Lilikuwa la kijani kibichi, linateleza mkononi kama mche wa sabuni uliolowa, na ukilisugua kwa kidole gumba linaacha unga mwororo kama poda ya mtoto. Nililiweka nyuma yangu, chini ya pindo la khanga. Kisha moja lenye magamba ya ulanga. Ukilibandua kwa ukucha linatoa utando mwembamba, ukiuinua juani unaona mwanga wa upande wa pili, wa rangi ya chai hafifu. Kisha jiwe jeupe lenye mishipa ya kijivu kama mafuta kwenye nyama. Hilo nililiweka chini kwanza nilipumzishe, na hapo kikaja kile kidudu chekundu kinachotokea baada ya mvua, laini kama mahameli, kikaanza kulipanda. Kilipanda taratibu, kikafika juu, kikashuka upande wa pili. Kilikuwa ndicho kiumbe pekee hapo Mwakitolyo kisichotafuta kitu.

Coletha aliona kwamba naweka mawe pembeni. Alivuta mdomo, ile ya kusema mwenda wazimu huyu. Akachukua jiwe kubwa la kahawia, baya, la umbo la kiazi, akalipiga kwa hasira. Likapasuka katikati, sawasawa, kama mkate.

Kisha mchi wake haukushuka tena.

Ndani ya jiwe lile kulikuwa na mti. Mti mweusi, shina jembamba, matawi, na matawi ya matawi, na mwishoni vijani vidogo kama vimechanjwa kwa sindano, umelala juu ya jiwe la rangi ya samli. Kwenye nusu ya pili ulikuwepo mti ule ule, umegeukia huku. Coletha alilamba kidole, akasugua. Haukufutika. Nikasugua mimi. Haukufutika. Tukainamia jiwe lile vichwa vyetu vikigusana, na nilinusa mafuta yake ya nazi, ambayo sikuwa nimeyanusa siku nyingi.

Nikajiuliza nani alihangaika kuchora mti ndani ya jiwe lisilo na dirisha, kwa ajili ya macho ya nani. Bibi yangu angesema Mungu. Mimi nilisema moyoni, kama ni Mungu basi ana muda mwingi wa kupoteza, na kwa hilo nikampenda kidogo.

Coletha alipiga ishara ya msalaba. Kisha akazisukuma zile nusu mbili kwa kiganja cha mkono, kunijia mimi. Hakunitazama. Lakini alizisukuma kwangu, nami nikaziweka chini ya khanga pamoja na mengine.

Toka hapo kazi iliharibika kabisa. Tulitwanga jiwe moja, tukatazama matatu. Nilichagua moja lenye kutu ya rangi ya chungwa, Coletha akatikisa kichwa, akalitia kinuni. Alichagua yeye moja la kijivu, mimi nikabenua mdomo, akanipiga kofi la mkono na kuliweka kwenye rundo kwa nguvu. Katika uzuri Coletha alikuwa na roho ngumu kuliko mtahini. Alipenda yale yanayokwaruza, mimi napenda yanayoteleza, tukagombana kwa nyusi na mabega saa nzima, na sauti pekee ilikuwa ya mchi mmoja mmoja na ya Maige kukoroma. Nilikuwa na furaha. Nasema wazi, maana furaha ile sikuwa nimeitafuta, na ilikuja siku niliyokatazwa kuisimulia.

Jua lilikuwa limeshapinda Maige alipoamka. Alikuja kuangalia kiroba, akakuta kimebaki nusu. Akaangalia unga wetu, akakuta ni kiduchu. Akaangalia khanga yangu, akaivuta.

Mawe ishirini na kitu, mazima, yamepangwa vizuri kama mayai.

"Gashi!" alisema Maige kwa sauti ndogo, yaani kumbe. Kisha kwa sauti kubwa: "Gashi! Wanaume, njooni! Njooni muone mwamba wetu ulikojificha!"

Walikuja mbio. Na mimi nikaelewa papo hapo jinsi ninavyoonekana. Machimboni hakuna mtu anayeweka jiwe pembeni ila kwa jambo moja. Ukiweka jiwe pembeni, umeona cha manjano. Ukilifunika, unataka kukiiba. Na mwizi wa mawe alivuliwa nguo, akapakwa matope, akakimbizwa hadi barabarani kwa fimbo. Nilikwisha shuhudia mara mbili, na mara zote mbili, Mungu anisamehe, nilitoa maneno ya kuchekesha watu.

"Sema!" Maige akanipigia kelele. "Kwa nini haya hayajatwangwa? Hapana, usiseme! Nyamaza! Lakini kwa nini?"

Akaokota jiwe la magamba ya ulanga, akalilamba, akalielekeza juani. Ndivyo wanavyopima, jiwe likilowa dhahabu huonekana. Hakuona kitu, akampa jirani yake. Huyo naye akalilamba. Wanaume kumi na nne wakayalamba mawe yangu, moja baada ya jingine, wakizungusha na kufumba jicho moja. Ule mti ulilambwa na watu tisa, na hakuna hata mmoja aliyeuona.

"Haipo nje," Maige akasema hatimaye. "Basi ipo ndani. Huyu mwanamke ana jicho. Ameona ndani ya jiwe, akatunyamazia."

Nilifungua mdomo, nikaufunga. Nikisema, mwiko umevunjika na kinu kimekwenda. Nisiposema, mimi ni mwizi. Nilimtazama Coletha. Yeye alikuwa salama, rundo lilikuwa chini ya khanga yangu, si yake, na gari lake lilikuwa njiani. Alichohitaji ni kukaa kimya tu, na hicho alikuwa amekifanya vizuri siku nyingi.

"Hajaiba," Coletha akasema.

Wanaume wote wakamgeukia.

"Umesema," Maige akamwambia, kama asiyeamini.

"Nimesema. Hajaiba. Tumeyaweka wote wawili. Tumeyaweka kwa sababu ni mazuri."

"Mazuri ya nini?"

"Ya kutazama."

"Kutazama nini ndani yake?"

"Hakuna ndani, Baba. Kuyatazama yenyewe."

Ignas, mchimbaji mmoja mwembamba mwenye sauti nene, akacheka bila furaha. "Bosi, mtu na akili zake timamu aache kutwanga jiwe ili alitazame? Jiwe? Hata ng'ombe akichoka kutazama majani huyala."

Wengine wakaunga mkono. Hata mimi ningekuwa wao nisingeamini.

"Ni rahisi," Maige akasema. "Yatwangeni. Sasa hivi, mbele yetu. Anatoli, leta karai."

Tukayatwanga. Lile la kijani lilisagika bila kupinga. Lile la ulanga lilimeta hewani, vumbi lake likatukaa kwenye mikono. Yale ya kijivu ya Coletha yalikuwa magumu, yaliturudishia mchi mara tatu nne kabla ya kukubali. Ule mti aliuacha mwisho. Aliziweka nusu zote mbili kinuni yeye mwenyewe, tukainua michi, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili hakuna aliyetaka kuanza. Nikaanza mimi. Baada ya mipigo kumi haukuwa mti tena, ulikuwa unga wa kahawia kama unga mwingine wowote. Nililia, na sikujificha, walifikiri nalilia dhahabu.

Anatoli alichota unga kwenye karai, akatia maji, akazungusha. Alizungusha polepole, akamwaga, akazungusha tena, mpaka chini kukabaki mchanga mweusi mwembamba. Akainamisha uso mpaka pua ikakaribia maji.

"Hamna kitu," akasema. "Safi kabisa. Magwangala haya."

Kwa hiyo tulikuwa watu waaminifu, na ushahidi wake ndiyo yale matope mekundu yaliyokuwa yanamwagwa chini. Hakuna aliyeomba radhi. Ignas alilitazama lile karai muda mrefu, kisha akanitazama mimi, kama anayetaka kuuliza yale mawe yalikuwaje, lakini akaona aibu kuuliza.

Nilidhani sasa yamekwisha, mwiko umevunjwa, kila mtu aende zake. Lakini Maige alikuwa amempelekea mfumu mbuzi mzima, na mtu aliyetoa mbuzi hakubali kirahisi.

"Coletha amevunja," akasema. "Lakini Mama Shaaban hajafungua mdomo. Tangu asubuhi. Nani ameshawahi kuona jambo hili?"

Wanaume wakakiri hawajawahi kuliona.

"Basi hiyo nayo ni nguvu. Na nusu kiroba ipo. Atakitwanga peke yake, mdomo umefungwa. Coletha, wewe kinu huna. Nenda."

"Mfumu alisema wawili," Anatoli akanong'ona.

"Mbuzi alikuwa wa nani?" Maige akamuuliza, na Anatoli akarudi kwenye karai lake.

Coletha alijifungua kitambaa, akakung'uta vumbi magotini, akaenda kibandani kwake. Nikashika mchi. Kutwanga peke yako kwenye kinu cha watu wawili ni kazi ya ajabu, kila ukishusha unangoja mpigo wa pili na hauji. Wanaume walikaa kunizunguka, karibu sasa, wakitazama mdomo wangu kama mama anayetazama maziwa jikoni yasichemke yakamwagika. Walikuwa wamenikasirikia dakika chache zilizopita, na sasa macho yao yalikuwa yananiomba. Hilo ndilo lililonitesa zaidi. Ningekuwa nachukiwa tu, ningeamua upesi.

Nikasikia honi ya Land Rover. Bwana Akida alishusha magunia ya unga, akapakia ngozi mbili za ng'ombe na mzee mmoja mgonjwa. Coletha akatoka na mzigo wake kichwani, akapita mbele yetu kwenda garini. Alipita karibu nami. Alikuwa ametoka kunitetea, yeye ambaye nilimfukuzia mume kwa ajili ya kicheko cha dakika moja, na alinitetea bila hata kunisemesha mimi. Hajaiba. Hilo ndilo neno lake la kwanza kunihusu tangu siku ile, na aliwaambia watu wengine.

Mlango ukafungwa. Gari likanguruma, likaanza kutambaa kwenye matope.

Nilifikiria kiatu cha Shaaban. Nilifikiria mikanda ya wale wanaume. Kisha nikatupa mchi.

"Coletha!"

Sauti ilitoka imekauka, si yangu. Nyuma yangu wanaume kumi na nne waliguna kwa pamoja, na Maige akapiga ukelele: "Mama Shaaban! Huna kinu! Huna kinu hapa!" Sikugeuka. Nilikimbia nimeshika khanga, kiatu kimoja kikabaki kwenye matope, nikapiga bati la gari kwa kiganja mpaka likasimama.

Kichwa cha Coletha kikatokea dirishani.

"Nilikosa," nikasema.

"Sikusikia."

"Umesikia."

"Nimesikia. Sema tena."

Machimbo yote yalikuwa yametoka. Wauza pombe, wapika chapati, watu wa maduara ya jirani, na wale wangu kumi na nne nyuma, wenye njaa na hasira, ambao siku zote walikuja kunisikiliza nikiwachekesha. Nikapandisha sauti ili wote wapate.

"Nilikosa mimi. Uliniambia siri, nikaitoa mbele ya watu ili wacheke. Nikakufukuzia mtu wako."

"Mtu gani?"

"Selestine."

"Wanamwita nani hapa?"

"Wanamwita jina nililowapa mimi. Silo lake. Anaitwa Selestine, na alikuposa kwa heshima, na wewe ulimpenda yeye."

Coletha aliing'ata midomo yake. Mkono wake ulitoka dirishani, ukanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu, mkono wa mtwangaji.

"Sema tena," akasema.

Bwana Akida akapiga honi. "Jamani, akina mama! Kahama ni mbali na mvua hiyo inakuja!"

"Zima gari, Bwana Akida," Coletha akamwambia, bila kuniachia. "Bado anasema."